Mwigizaji mwenye kibarua si mwigizaji nusu

Mwezi uliopita alinijia ofisini mzee mmoja aliyevaa koti lililopigwa pasi barabara, akiwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba majibu ya hospitali. Sikuwa nikimjua. Alipokwisha kuketi na kunijulia hali, alinieleza kwamba yeye ni baba wa msichana mmoja niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, na kwamba ndani ya bahasha ile mlikuwa na nakala ya barua ya Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Binti yake ameitwa kazini. Ni ajira ya kudumu yenye malipo ya uzeeni, katika shule ya upili iliyo mbali na Nairobi safari ya kutwa nzima kwa basi. Naye hataki kwenda.

"Kwa nini hataki?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kukisia.

"Anacheza, Daktari," mzee alijibu. "Mtoto mwenye digrii, anacheza michezo."

Ukweli ni kwamba binti huyo hachezi tu. Kila siku asubuhi huenda katika kampuni moja ya kupiga chapa, akasoma prufu za vitabu vya shule na kalenda za makanisa hadi saa tisa alasiri. Ifikapo saa kumi na moja huwa yuko mazoezini na kikundi kinachozunguka na tamthilia zinazotahiniwa katika shule za upili. Mwaka huu kikundi hicho kimeamua kuandaa mchezo mwingine, usio wa mitihani, katika ukumbi mmoja wa mjini, na yeye amepewa nafasi ya mhusika mkuu. Ni nafasi ambayo amekuwa akiingoja tangu nilipomjua. Kwa upande wa pili, wako wadogo zake wawili ambao bado wanalipiwa karo, na mzee mwenyewe amekwisha kustaafu. Kwa hivyo aliniomba jambo moja tu: "Mwambie aache mchezo, ashike kazi. Wewe atakusikia."

Nimeamua kumjibu mzee huyu hadharani kwa sababu sidhani kwamba yuko peke yake. Wako wazazi wengi, na walimu wengi pia, wanaoamini kwamba kijana anayeigiza jioni na kufanya kibarua asubuhi ni mtu aliyeshindwa mara mbili: ameshindwa kupata kazi, na ameshindwa kuwa mwigizaji. Mimi nadai kwamba mtu huyo hajashindwa popote. Hivyo ndivyo waigizaji walivyoishi karibu kila mahali na karibu kila zama, na wanaopaswa kuona haya ni wengine kabisa.

Nianze na maneno, maana mwanaisimu hawezi kuisikia sentensi kama ile ya mzee bila kuipasua. "Aache mchezo, ashike kazi." Mchezo umesimama upande huu, kazi upande ule, na katikati hapana daraja. Lugha yenyewe inamsaidia mzee. Kwa Kiswahili mtu hucheza mpira, hucheza karata, hucheza kamari na hucheza ngoma, kisha kitenzi hicho hicho tunamvika mtu anayesimama jukwaani kwa saa mbili akiwa amehifadhi kurasa themanini kichwani. Basi si ajabu kwamba baba akisikia "anacheza" humwona mtoto wake uwanjani na mpira wa makaratasi.

Lakini lugha hiyo hiyo ina ushahidi mwingine. Neno sanaa lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni ufundi wa mikono: kazi ya sonara, ya mchonga mlango, ya mfuma mkeka. Msanii ni fundi. Kadhalika, wahenga waliosema kwamba mcheza kwao hutuzwa hawakuwa wakitania. Kutuza ni kutoa mali. Katika sherehe za pwani hadi leo mwimbaji wa taarabu akimgusa msikilizaji, msikilizaji huyo huinuka kitini, akamwendea kwa madaha na kumpa noti mbele ya macho ya watu wote. Hakuna anayeona kwamba mwimbaji huyo amefedheheka kwa kupokea. Mchezo unaolipwa, kwa hiyo, si fikra ngeni kwetu.

Na kibarua je? Watu wengi hulitamka neno hili kwa kulikunja pua. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inatukumbusha kwamba kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akirudishe jioni na kupokea ujira wake. Kikaratasi kikawa jina la kazi, kisha kikawa jina la mtu. Hapana aibu yoyote katika asili yake. Kinachoonyeshwa na neno hilo ni kwamba mtu alifanya kazi ya siku moja, akalipwa ya siku moja, na kesho yake alikuwa huru. Msomaji aliweke akilini neno hilo "huru", kwa maana nitalirudia.

Mzee hakuwa na hoja ya maneno tu. Alikuwa na hoja nyingine nzito, na ilikuwa na jina. "Daktari," aliniambia, "ni nani katika nchi hii asiyemjua Ojwang? Na alikufa vipi?"

Alikuwa akimtaja marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana na taifa zima kama Mzee Ojwang wa Vitimbi. Wanjau alikuwa Mkikuyu, ila kwa miaka na mikaka alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi ambao umewahi kuwahadaa hata wanafunzi wangu wa fonolojia. Wengine hukataa katakata ninapowaambia kwamba ile haikuwa lafudhi yake. Huo ni ufundi wa kiwango cha juu, na mimi ninayelipwa kwa kuchunguza sauti za lugha nausujudia. Alipofariki Julai 2015, mazungumzo mengi ya umma hayakuhusu ufundi huo. Yalihusu hali duni aliyoishi mtu aliyewachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa.

Nilimwambia mzee kwamba kisa hicho hakimsaidii. Kinaonyesha kwamba umaarufu haulishi, na kwa sababu hiyo hasa binti yake anafanya jambo la busara kusoma prufu asubuhi. Yeye hakungoja umaarufu umlipie kodi ya nyumba. Amejiwekea mguu wa pili wa kusimamia kabla ya kuhitaji kuchangiwa.

Tena, angekuwa wa kwanza? Francis Imbuga, ambaye Betrayal in the City yake ilikuwa miongoni mwa tamthilia zilizoiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na papo hapo mwigizaji. David Mulwa amefundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, akaandika, akaelekeza, na bado tukamwona jukwaani na kwenye runinga. Oliver Litondo, aliyeigiza kama Mzee Maruge katika filamu ya The First Grader ya mwaka 2010, Wakenya wa rika la mzee wangu walimfahamu kwanza kama msomaji wa habari. Ukiwaondoa katika historia ya uigizaji wetu wote waliokuwa na kazi nyingine, utabaki na jukwaa na viti.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi si wa wasomi. Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalipangwa mwisho wa juma. Kwa nini mwisho wa juma? Kwa sababu siku nyingine watu hao walikuwa kazini. Ratiba ya tamthilia iliyotikisa nchi ilipangwa kwa kufuata kengele ya kiwanda na majira ya kuchuma chai. Wao wenyewe walijenga ukumbi wa wazi wa kuketi watu kiasi cha 2,000. Maonyesho yalianza Oktoba, na kabla ya Novemba kwisha serikali ilikuwa imefuta kibali. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba, akazuiliwa kwa takriban mwaka mzima. Mnamo Machi 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Serikali haitumi polisi kubomoa uchezaji wa watu wasiojua wanachokifanya. Wale walikuwa waigizaji kamili, ijapokuwa Jumatatu asubuhi kila mmoja alirudi kwenye chai yake na viatu vyake. Nathubutu kusema kwamba waliigiza vizuri kwa sababu ya chai na viatu, maana tamthilia ilihusu mishahara, na wao waliijua mishahara.

Asije msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya umaskini wetu sisi. Katika mji wa York, Uingereza, kwa takriban karne mbili, michezo ya hadithi za Biblia iliigizwa na vyama vya mafundi. Wajenzi wa merikebu walipewa kuigiza ujenzi wa safina ya Nuhu, waokaji mikate wakapewa karamu ya mwisho, na mafundi wa pini na misumari ndio walioigiza kusulubiwa. Watu walileta jukwaani kile ambacho mikono yao ilikijua. Hata London ya Shakespeare haikuwa na waigizaji watupu. John Heminges, rafiki yake aliyesaidia kukusanya tamthilia zake katika juzuu la mwaka 1623, alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyabiashara wa vyakula, na kwa kutumia haki za uanachama huo aliandikisha vijana kama wanagenzi wa biashara ilhali aliwafundisha uigizaji. Sheria ya mwaka 1572 iliwaweka waigizaji wasio na bwana wa kuwadhamini katika fungu moja na wazururaji, kwa hivyo cheti cha biashara hakikuwa pambo. Leo katika jengo lililojengwa upya kwa mfano wa ukumbi wao wa Globe, watu hulipa kuingia. Mwaka 2012 waigizaji wa Afrika Mashariki walisimama hapo wakaigiza Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili.

Sasa nirudi kwenye neno huru. Kijana akiniuliza afanye kazi gani ya kumlisha huku akiigiza, simwambii atafute yenye mshahara mkubwa wala yenye heshima. Namwambia ahesabu saa. Mazoezi ya jukwaani Nairobi huanza jioni, baada ya watu kutoka kazini, na huchukua wiki nyingi kwa maonyesho ya siku chache. Vikundi vya tamthilia teule husafiri asubuhi na mapema katika muhula wa masomo, vikafanya onyesho katika shule moja au mbili kabla ya jua kuchwa. Filamu nayo humtaka mtu alfajiri na kumwachilia usiku. Kazi itakayokaa na mambo hayo ni ile inayojua mwisho wake: usomaji wa prufu, tafsiri inayolipwa kwa kurasa, kufundisha masomo ya ziada, kusuka nywele, kuwa msherehesha katika arusi, kuweka sauti katika matangazo. Karani wa benki ana mshahara mzuri, ila meneja wake akimwambia saa kumi na moja kwamba hesabu hazijalingana, mazoezi yamekwisha. Nimewaona waigizaji wawili wazuri wakimezwa hivyo. Hawakufukuzwa jukwaani na njaa. Walifukuzwa na cheo.

Na kibarua kina faida nyingine ambayo vijana huijua baada ya kuumia. Mwigizaji asiye na pato jingine hukubali kila nafasi, hata ya upuuzi, na hukubali kila sharti. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, vikundi vya tamthilia teule vilipoteza soko lao lote kwa siku moja, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Miongoni mwa wale ninaowafahamu, waliorejea jukwaani baada ya hapo ni wale waliokuwa na la kushika wakati huo. Waliotegemea jukwaa pekee walirudi kwao mashambani, na wengi wao wangali huko.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kumsifu mwenye kibarua si kumpa mwandalizi wa maonyesho ruhusa ya kumpunja. Kuna msemo unaozunguka katika kumbi zetu kwamba mwigizaji "anafanya kwa mapenzi" na kwamba, maadamu ana kazi nyingine, anaweza kungoja. Huo ni wizi uliovishwa maleba. Aliyefanya mazoezi wiki sita amefanya kazi wiki sita. Mkataba uandikwe, hata kama ni wa ukurasa mmoja. Nauli ya mazoezi ilipwe siku ya mazoezi. Shule inayokusanya pesa kutoka kwa wanafunzi wapatao mia nane ili waitazame Bembea ya Maisha haina sababu ya kumwambia mwenye kikundi arudi muhula ujao kuchukua hundi.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nami niliwahi kucheza. Nilipokuwa mwanafunzi, miaka ya mwanzo ya 2000, nilizunguka na kikundi kimoja nikiigiza wazee, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa imezeeka kabla yangu. Asubuhi nilifundisha watoto wa jirani hesabu kwa malipo ya jioni. Katika mji mmoja wa Bonde la Ufa aliyetuandalia safari alipokea pesa za shule tatu akatoweka, nasi tukalala ndani ya matatu katika kituo cha magari, tukiwa watu tisa na magunia mawili ya maleba. Tulicheka usiku kucha. Sikuacha kwa sababu ya usiku ule.

Mzee aliniuliza: "Na wewe, Daktari, mbona uliacha?"

Kwa muda mrefu nimewajibu watu kwamba niliacha kwa ajili ya tasnifu yangu. Si kweli. Niliacha mwezi ule ule nilioajiriwa kama mhadhiri msaidizi, baada ya mwenzangu mmoja mkubwa kwa cheo kuniuliza ukumbini, mbele ya wanafunzi, kama bado mimi ni mchekeshaji. Nilicheka pamoja nao. Jumamosi iliyofuata sikwenda mazoezini, wala nyingine iliyofuata. Kazi yangu ilikuwa na nafasi, na jioni zangu zilikuwa zangu. Nilichokosa ni uso wa kustahimili swali lile.

Hayo nilimwambia mzee, kisha nikampa maoni yangu bila kuyazunguka: binti yake asiende. Mwenye shahada ya ualimu anaweza kuomba tena nafasi zitakapotangazwa, hata kama itambidi kusubiri. Nafasi hii ya jukwaani haitatangazwa tena. Ana kazi inayomlipia nyumba, ana saa zake za jioni, na ana kipawa ambacho nilikiona darasani alipokuwa akisoma kwa sauti mifano ya lahaja, mpaka darasa zima likasahau kwamba lilikuwa somo.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alisema kwa upole ambao ulinichoma kuliko hasira: "Unaweza kusema hivyo, Daktari, kwa sababu mshahara wako huingia kila mwezi. Karo ya wadogo zake itatoka wapi?"

Sikuwa na jibu zuri, na sina hadi leo. Nilimwambia kwamba ni haki yake kumdai binti yake mchango, kama anavyodaiwa mtu yeyote mwenye kazi, na kwamba amweleze kiasi chenyewe cha shilingi badala ya kumdai aache uigizaji. Pengine pesa za prufu hazitatosha. Pengine binti mwenyewe, akishaona hesabu hiyo, ataamua kupanda basi, na akifanya hivyo sitamwita msaliti. Shuleni huko kutakuwa na wanafunzi, na tamasha la drama la shule limekuwa likiendeshwa na walimu wa aina yake tangu mwaka 1959. Ila aende kwa kuwa amehesabu. Asiende kwa kuwa ameaibishwa, kama nilivyofanya mimi.

Mzee aliirudisha barua ndani ya bahasha yake. Alipofika mlangoni aliniuliza onyesho lenyewe huisha saa ngapi, kwa sababu gari la mwisho la kwenda kwao huondoka saa mbili na nusu. Nilimwambia kwamba lile la Jumamosi alasiri huisha saa kumi na mbili.

Siku za barua ile zinakwisha Ijumaa ijayo. Binti hajaniambia ameamua nini, nami sijamuuliza.